Nukta, Mshale na Mwenye Hodi

Mimi ni wifi yake Zaituni, na nasema mapema kwamba si ile wifi ya kukatika kila umeme ukizimika. Nimeolewa na kaka yake, Sabir, ambaye siku nyingi yuko kisiwani Koyama na mashua yake, kwa hiyo nyumba yetu hapa Kismayo ni ya wanawake watatu: mimi Nadia, Zaituni, na mama yao, Mama Saada. Mimi napika. Mama anasuka ukili. Zaituni anakaa mbele ya kompyuta na kiatu kimoja mguuni, kingine kakisahau mlangoni, na ukimwita kula anasema "nakuya" kisha haji. Anjera, ule mkate laini wa Kisomali, akipika yeye, hata paka wa jirani huinusa akaiacha. Lakini nampenda, na sitaki mtu mwingine amseme isipokuwa mimi.

Alizaliwa Mombasa, kambini, miaka ile watu wetu Wabajuni walipokuwa wakilala kwenye mahema wakingoja vita vya Somalia vichoke. Kompyuta alijifunzia katika duka moja la mtandao, kwenye mashine mbovu kuliko zote, ile ambayo hakuna aliyekuwa akiilipia. Watu walipoanza kurudi, akarudi na mama yake, na akapata kazi kwenye kiwanda kidogo cha barafu karibu na bandari. Programu inayosema samaki gani ameingia na gani ametoka ni ya kwake. Hiyo ndiyo kazi yake ya asubuhi.

Kazi ya moyo wake huanza baada ya chakula cha mchana, wakati mji umelala, hata bajaji zimenyamaza, na joto limesimama uani halina pa kwenda. Saa hizo nyumba yetu huwa si ya dunia hii. Pazia halitikisiki. Ukili wa Mama hupita vidoleni bila sauti. Zaituni hula tende moja moja na kupanga kokwa zake mezani kwa mstari, macho yake yakiwa kwenye kioo lakini yeye mwenyewe hayupo. Ukimgusa bega anashtuka, anakutazama kama hajawahi kukuona. Mimi hulala kidogo mkekani, na mara nyingine sijui kama mlio wa vidole vyake nausikia au nauota.

Anachokitafuta kwenye hiyo kompyuta ni mtu.

Mama Saada alikuwa na mdogo wake mmoja tu, Zamzam. Mwaka wa tisini na moja walipokimbia Koyama waliingia vyombo viwili, kwa sababu cha kwanza kilikuwa kimejaa. Cha Mama Saada kilifika Mombasa. Cha Zamzam hakikuonekana tena. Wako waliosema kilizama, na wako waliosema upepo ulikisukuma mpaka Yemen. Mama hakumwekea mdogo wake matanga, wala hakusema kwamba yu hai. Alibaki hapo katikati, na amezeekea hapo.

Sasa ameanza kusahau. Asubuhi anapoamka huniita mimi kwa jina la mdogo wake. "Zamzam," huniambia, "niletee mai." Namletea maji na kuitika, kwa sababu kumsahihisha kunamtia huzuni. Mwanzo lilinikera. Baadaye nililizoea lile jina, nikawa kila asubuhi nalivaa hadi jua lipande, na Mama akichangamka nalivua. Zaituni alikuwa akitazama hayo kila siku. Siku moja aliniambia jikoni: "Wifi, nataka nimpate Zamzam, Mama akiwa bado amjua."

Basi akaanzisha programu ya jamaa. Mtu wetu popote alipo, kambini, Mombasa au Ulaya, anatuma kwa simu jina lake, la baba yake, la babu yake, na kisiwa chao. Programu inalinganisha. Baba, babu na kisiwa vikikubaliana, ndipo wawili hao wanapewa nambari za simu. Visipokubaliana haionyeshi mtu kitu, maana watu wetu wameona mengi na hawapendi kutafutwa na wasiowajua.

Hakuifanya peke yake. Alikuwa na Abdulmalik, mtoto wa ami yake, aliyeko Norway kwenye baridi na mshahara mzuri, na kazi yake ni hiyo hiyo ya programu. Kijana mwema, anajua analolifanya, lakini akishika lake hashikiki. Yeye ndiye aliyeandika sehemu ya kwanza, ile ya kusoma majina. Na kuanzia hapo wakagombana. Walitumiana sauti za simu ndefu, na mimi nikikaanga nikawa nasikia: nukta, mshale, nukta, mshale. Nikadhani wanagombea urembo wa kanzu.

"Hiyo nukta ni nini?" nilimuuliza siku moja. Mkononi nilikuwa na samaki, changu aliyetoka kwetu Burgao asubuhi ile, bado ana magamba.

"Mtazame huyo samaki wako," Zaituni akasema. "Kuna namna mbili za kuandika. Kwa nukta, samaki ndiye anayefanya kila kitu. Unamwambia: samaki, nukta, jiparue. Nukta, jipasue. Nukta, jikaange."

"Samaki gani huyo?"

"Samaki wa Abdulmalik. Kwa mshale, samaki hafanyi kitu. Anapitishwa. Mshale, kwa anayeparua. Mshale, kwa anayepasua. Mshale, kwako weye unayekaanga. Kila mtu amekaa mahali pake na kazi yake."

"Na mwisho mnakula samaki yule yule."

"Yule yule."

"Sasa mwagombea nini, wehu nyinyi?"

Alicheka akatia tende mdomoni. Lakini nilipomsikiliza Abdulmalik sikumwona mjinga. Alisema ukiweka nukta tu, mashine inakuonyesha papo hapo mambo gani yanawezekana, huna haja ya kukumbuka, na mshale hauna huruma hiyo. Alisema nukta inajulikana na kila aliyesomea kazi hii, na kesho akija mwingine kuwasaidia ataisoma bila kuuliza. Zaituni akamjibu: "Samaki wako anayajua yale uliyomfundisha weye tu. Mimi nikitaka kumpaka ndimu lazima kwanza nimfungue samaki." Mwisho nukta ikabaki, kwa kuwa Abdulmalik ndiye aliyeanza. Programu ikatoka, watu wakajiandikisha, na mwaka wa kwanza jamaa kadhaa wakapatana. Mtu na binamu yake, mtu na shangazi. Zamzam hakutokea.

Kuna jambo jingine la Mama nimelichelewesha, na lilikuwa likinitoa roho. Kila siku alasiri, jua likianza kuingia mlangoni, Mama huinua uso kutoka kwenye ukili. Huutazama mlango ulio wazi, na husema kwa sauti ya upole kabisa: "Karibu. Ngia."

Mlangoni hakuna mtu.

Mimi ni mtu wa Burgao. Kwetu mtu akikaribisha, basi mgeni awepo. Nilisoma Ayatul Kursiy, nikasema huyu mama anatuitia nini humu ndani. Mara nyingine nilifunga mlango kwa hasira kabla ya alasiri. Naye akaukaribisha mlango uliofungwa. Hasira zikaniishia, nikaacha, na alasiri zikawa zinapita hivyo. Ukili, kokwa za tende, harufu ya mchuzi, na ile karibu moja isiyo na mtu.

Mwaka wa pili ulikuwa umeingia ndipo mambo yakafika pabaya. Zaituni alirudi kutoka kazini mchana, akaketi kwa mama yake, akasema kama alivyozoea, "Mama, habari za Zamzam bado."

Mama alimtazama kwa adabu, kama mtu anayetazama mgeni wa mwenzake. "Zamzam ndiye nani?" akauliza.

Nilikuwa nimeliitikia jina hilo asubuhi ile ile. Zaituni aliinuka akaenda kwenye kompyuta, na chakula nilichompakulia kikapoa pale pale.

Akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya, kwa kuwa sehemu ile haikuwa yake. Alimtia mama yake peke yake katika programu na kumfuata hatua kwa hatua, akitazama anapita wapi. Nilimwona mgongo unamnyooka.

"Nadia," akasema, na hajawahi kuniita kwa jina, siku zote mimi ni wifi. "Mama hamo."

"Hamo vipi? Si ulimtia mwenyewe?"

"Nilimtia. Anaingia, anaanguka, anaachwa."

Akanieleza, na alieleza polepole kama anayejieleza mwenyewe. Kwa ile nukta ya Abdulmalik, programu inamuuliza mtu: baba yako? Akipatikana baba, inamuuliza baba: na wako? Yule wa pili ndiye babu, na babu naye huulizwa la kwake. Ila alipomwandika mama yake, pale pa babu aliacha tupu kwa kutolijua jina. Basi programu ilikuwa ikimuuliza asiyekuwepo, na asiyekuwepo hajibu, na hapo mnyororo wote ukakatika. Abdulmalik alikuwa ameweka amri kwamba kitakachoanguka kiwekwe kando kazi iendelee, ili mtu mmoja mwenye kasoro asiwazuie wengine. Ilikuwa busara, na kwa mwaka mzima na zaidi ilikuwa ikimweka Mama Saada kando bila kumwambia mtu.

Ilikuwa alasiri, na alasiri Mama huwa na akili zake. Zaituni alipiga magoti mbele yake.

"Mama, babu yako mzaa baba. Ina lake nani?"

"Siyui."

"Huyui vipi, Mama? Babu yako mwenyewe?"

"Bibi hakumtaya hata siku moya. Mchu hamtayi mumewe kwa ina, ni utovu wa haya." Vidole vyake havikusimama. "Mai yalimtwaa babu, baba yetu akiwa mchanga. Na baba alikulia kwa mamake, akiitwa Famau wa bibi. Sisi tukaona haya kuuliza. Na wachu waliomyua wote wamekwisha."

Mimi mwenyewe Sabir simwiti Sabir. Namwita baba, namwita huyu, namwita yule wa Koyama, na hapa ninamtaja kwa sababu hayuko kunisikia. Nikafikiri: ni visiwa vingapi vimejaa mabibi waliokufa na majina ya waume zao mdomoni? Na sisi tumewatengenezea programu inayotaka lile lile waliloapa kutolisema.

"Basi Bibi akimwita nani?" Zaituni akauliza.

Mama alicheka. Sijapata kumsikia akicheka vile, kicheko cha msichana. "Mwenye Hodi," akasema. "Kwa kuwa alikuwa akipiga hodi nyumbani mwake mwenyewe. Nyumba yake, mlango wake, naye yuwasimama nje, hodi, hodi, mpaka akaribishwe. Alipopotea, Bibi kila alasiri akitazama mlango, akiamba: karibu, ngia. Mimi na Zamzam tukimcheka. Kisha tukazoea. Kisha tukawa twamkaribisha sote watatu." Akautazama mlango wetu, jua limeingia mpaka nusu ya mkeka. "Karibu," akasema. "Ngia."

Nilikumbuka milango niliyoifunga kwa hasira, nikatamani sakafu inimeze. Zaituni hakuwa akitazama mlango. Alikuwa akimtazama mama yake, mdomo wazi.

Akampigia Abdulmalik simu hapo hapo. Alipomweleza, Abdulmalik alisikitika kweli, na kama afanyavyo akisikitika, akatia mzaha. "Binamu, asiyekuwapo na lake halipo. Hakuna kitu cha kukiwekea nukta. Lakini ni rahisi, tutaweka alama ya kuuliza kabla ya nukta. Ikikuta hakuna mtu haitaanguka tena."

"Haitaanguka. Itafanya nini?"

"Itapita kimya."

"Itapita kimya na kutoka mikono mitupu. Umemfungia mlango kwa adabu, basi."

"Naweza kumtungia babu wa bandia, awe anajibu badala yake."

"Babu wa bandia simtaki." Zaituni alikuwa amesimama, kiatu kimoja mguuni, kokwa ya tende imebanwa mkononi. "Nisikilize. Asiyekuwapo huwezi kumwamrisha afanye kitu, hapo una haki. Lakini waweza kumpokea. Mama yangu anampokea kila siku alasiri, mbele ya macho yangu, nami sikuona. Kwa mshale, kazi iko mahali pake, haimtegemei anayepita. Ukiiletea mtu, inamtazama. Ukiiletea asiyekuwapo, inasema karibu, inauliza swali jingine. Kwa watu wetu nataka mshale, Abdulmalik."

Kule tukasikia vidole vyake vikigonga kompyuta.

"Na nukta zangu za kusafisha maandishi?" akauliza mwisho. "Zile nafasi na herufi kubwa?"

"Hizo nzuri, zibaki. Maandishi yapo siku zote. Watu ndio hawapo."

"Haya, dada," akasema Abdulmalik. "Andika mshale wako. Nami nitaurekebisha ukikosea, maana utakosea."

Alikosea, naye akamrekebisha. Siku zile sikumbuki vizuri zilipita vipi. Nakumbuka joto, na Zaituni akisukuma kokwa mezani kwa kidole, moja baada ya nyingine, na pahali pamoja kwenye mstari ameacha wazi kusudi. Kidole kikifika pale hakiruki. Kinasimama kidogo, kisha kinaendelea. Nakumbuka nikiamka mkekani na kumwona Mama anasuka na Zaituni anaandika, nyuso mbili zile zile, nikashindwa kujua nani anamwota mwenzake.

Hatua mpya ilipowekwa, wote waliokuwa wameangushwa walitoka walipokuwa wamewekwa, na walikuwa wengi, Mungu atusamehe. Kila mmoja alitumiwa swali moja: bibi yako alimwitaje mumewe? Majibu yakaja kwa sauti, kutoka Mombasa, kutoka kambini, kutoka miji ya baridi ambayo sijui kuitamka. Zaituni aliyasikiliza akiwa jikoni kwangu. Mwenyewe, akasema mmoja. Huyo wa Nje. Mvaa Koti. Baba wa Mashua. Mzee mmoja alijibu akilia kwamba ndiyo mara ya kwanza mtu kumuuliza jambo analolijua.

Halafu ikaja sauti ya mwanamke kutoka Uholanzi. Alisema anamwandikia mama yake, kwamba amemwandikisha mara nyingi, na kila mara programu inashukuru na kumwambia asubiri. Nyuma yake ilisikika sauti ya kizee ikimsahihisha kwa ukali. "Si hivyo. Mwambie Mwenye Hodi. Alikuwa akipiga hodi nyumbani mwake mwenyewe."

Zaituni alikaa chini, sakafuni, kati ya sufuria zangu. Mimi niliacha mchele uungue. Tulishikana kama tuliofiwa.

Hatukumwambia Mama. Tuliogopa. Tulingoja alasiri, saa yake ya akili, na jua lilipofika kwenye mkeka Zaituni aliiweka simu juu ya ukili, mapajani pa mama yake, akabonyeza. Iliita, ikapokewa. Kisha hakuna kitu, pumzi tu. Mama aliitazama ile simu, akatutazama sisi.

"Ndiye nani?" akauliza.

Zaituni aliongeza sauti ya simu. Nikaona macho ya Mama yanaanza kwenda mbali, nikasema basi, tumechelewa.

"Hodi," ikasema simu.

Mama aligeuka kwanza akatazama mlango. Mlangoni palikuwa na jua tu na kiatu cha Zaituni. Kisha akaishika simu kwa mikono miwili, akaisogeza karibu na uso.

"Karibu, Zamzam," akasema. "Ngia. Mbona umekawa?"

Waliongea mpaka magharibi, na nusu ya waliyosema sikuyafahamu, maneno ya nyumba moja iliyokwisha. Zamzam naye hakulijua jina la babu. Walichekana kwa hilo. Zaituni pale pa jina la tatu hakujaza kitu, wala hatajaza, na mimi nilitoka uani kuanua nguo ambazo hazijakauka.

Asubuhi yake niliamka mapema nikateka maji yakiwa baridi, nikangoja mlangoni pake niitwe. Akafumbua macho, akanitazama muda mrefu.

"Nadia," akasema, "niletee mai."